Kipa Hatatangulia Muleba

Kitochi kilidondoka kutoka ndani ya glavu ya kipa wetu Jumatatu jioni, wakati wasichana wengine wakibadilisha viatu. Kilianguka kwenye nyasi bila kishindo, kioo chake kidogo kikiwaka. Kipa akakikanyaga. Hakukikanyaga kwa bahati mbaya. Aliweka mguu juu yake na kuuacha hapo, huku akinitazama, kama mtu aliyekanyaga nyoka na sasa hajui auinue mguu au aubakize.

"Simu ya nani hiyo?" nilimuuliza.

"Ya kocha."

"Ameisahau?"

"Amenipa." Alitupa macho upande wa goli, ambako kocha alikuwa anakusanya mipira. "Amesema mama asijue. Mama akijua ataiuza."

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko wenzake wote, na mikono yake mirefu ndiyo iliyompeleka golini. Aliiokota simu, akairudisha ndani ya glavu, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Halafu akaniuliza, bila kuinua kichwa:

"Matroni, ukipewa kitu ukakipokea, halafu baadaye hukitaki, unaweza kukirudisha?"

"Inategemea ni kitu gani," nilisema.

Alinitazama kama mtu aliyebisha hodi akaambiwa arudi kesho. Akachukua mfuko wake akaondoka, karibu anakimbia, akipita mbali na goli.

Waliniita Matroni ingawa sikuwa nimeolewa wala kuzaa, na umri wangu haukuwazidi wasichana wale kwa mengi. Nilikuwa nimerudi Bukoba kutoka chuo kikuu na digrii ya sosholojia, natafuta kazi, nakaa nyumbani Hamugembe nikibishana na kila aliyekubali kubishana na mimi. Klabu ya mtaa ilikuwa imeanzisha timu ya wasichana, na wazazi walitaka awepo mwanamke uwanjani. Mwenyekiti wa klabu alimwambia mama yangu kwamba afadhali maswali yangu nikayaulizie huko.

Ni kweli mimi ni mtu wa kuuliza. Nilipokuwa mdogo nilitaka kujua kwa nini zamani wanawake wa kwetu walikamata senene, panzi wa kuliwa, wakawanyofoa mbawa na miguu, wakawakaanga, halafu wakaliwa na wanaume peke yao. Bibi yangu alijibu kwamba ndivyo ilivyokuwa. Sijawahi kuridhika na jibu la namna hiyo, na chuo kilinipa maneno makubwa ya kutoridhika nayo. Nilifundishwa kwamba mtu asiye na ushahidi anyamaze.

Sasa, nilikuwa na ushahidi gani? Kocha alikuwa mtu wa watu. Watu walipokuwa wakisema msichana anayecheza mpira hapati mchumba, yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba, kwa Waislamu na kwa Wakatoliki, akiwaomba wazazi. Alikuwa na gereji ndogo ya pikipiki, na mipira ya kwanza aliinunua mwenyewe. Kabla ya mechi aliwaombesha wasichana mara mbili, mara moja kwa dua na mara nyingine kwa ishara ya msalaba, na hakuna aliyejiona mgeni. Kumtilia shaka mtu huyo ilikuwa kuitilia shaka timu yenyewe.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa mtu anayehoji kila kitu: nilianza kujihoji mwenyewe. Labda simu ilikuwa ya kumwita mazoezini tu. Labda nilikuwa namwonea wivu, kwa sababu wasichana walimsikiliza yeye kuliko mimi. Lakini kila nilipojibu hivyo, kulikuwa na kitu kingine kilichobaki. Kipa alibakizwa baada ya mazoezi, peke yake, afundishwe kudaka kona mpaka giza linaanza kuingia. Kipa ndiye aliyerudishwa nyumbani kwa pikipiki, ilhali kwao ni karibu kuliko kwa wenzake. Na huyu kipa ndiye aliyekuwa mdomo wa timu, mtoto wa kumwambia mshambuliaji, "Piga basi, mbona unaupapasa mpira kama unachagua nyanya?" Sasa alikuwa hata jina la mwenzake haliiti akiwa golini. Mpira ulimpita kimya.

Jumanne, kabla ya mazoezi, kocha aliwakusanya.

"Jumamosi bonanza Muleba," alisema. "Noah ya kukodi itawachukua asubuhi mapema. Kipa atatangulia na mimi Ijumaa, auone uwanja. Tutalala kwa ndugu zangu Kishanda."

Wasichana waliguna na kucheka. "Kipa kapandishwa cheo," mmoja alisema. Mwingine akasema, "Sisi tunabanana kwenye Noah kama ndizi, yeye anapepewa na upepo." Kipa alikuwa anakwangua tope kwenye soli ya kiatu chake kwa kijiti.

"Kwa nini atangulie peke yake?" nikauliza.

"Matroni, umeshawahi kusimama golini?"

Wakacheka tena.

"Sijawahi."

"Uwanja wa kule una mteremko. Kipa asipouzoea, tutafungwa mabao ya kijinga."

"Basi nami nitangulie. Ndiyo kazi yangu."

"Pikipiki ni moja."

"Tutapanda mshikaki, watatu."

"Trafiki watushushe Kemondo?" Alicheka, na wasichana wakacheka naye, lakini kicheko chake kiliisha kabla ya chao. "Wewe Matroni ni msomi, unachunguza mpaka hewa. Twendeni tukimbie."

Nilisimama pembeni mwa uwanja nikiwaangalia wakizunguka. Kuanzia dakika ile nilikuwa na jambo moja tu kichwani: Ijumaa mtoto huyu asipande pikipiki ile. Kila nilichofanya wiki hiyo, kwa busara au kwa upumbavu, nilikifanya kwa ajili ya hilo.

Jioni nilikwenda dukani kwa mwenyekiti. Aliuza vifaa vya ujenzi, mzee wa Kiislamu mwenye sauti ya chini, ambaye watu walimpelekea ugomvi wa mipaka ya vibanja hata kabla ya kumwona mtendaji. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kiti katikati ya mabomba. Nilimweleza.

"Umemwona akimshika mtoto vibaya?" aliniuliza.

"Hapana, mzee."

"Mtoto amekwambia amefanyiwa jambo?"

"Hapana. Amesema ana simu ya siri."

"Simu." Alilirudia neno hilo taratibu. "Binti, simu ni jinai?"

"Siri ndiyo inayonitisha, si simu."

Hakuwa mtu mbaya. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mbaya, ingekuwa rahisi. Alikuwa anaiogopea klabu yake. Aliniambia kwamba nikilitoa jambo hilo nje, timu ya wasichana imekufa, kwa maana hakuna mzazi atakayemwachia binti yake tena, na kesho watasema mpira ndio uliowaharibu. Kisha akasema, "Niachie mimi. Nitamwita mama wa mtoto na kocha, tukae kwangu tuyazungumze."

"Na Ijumaa?"

"Leo Jumanne, binti. Ijumaa iko mbali."

Nikakubali. Kulikuwa na mtu mzima aliyesema "niachie mimi", na mzigo ulishuka mabegani. Nililala vizuri usiku ule.

Jumatano mchana akanipigia. "Yamekwisha," alisema. "Tumekaa asubuhi. Kocha ameomba radhi kwa kumpa mtoto simu bila kumshirikisha mzazi. Simu imerudi kwake. Mama amepokea radhi, tumetafuna akamwani, wameagana vizuri."

Mtu asiyetoka kwetu nimweleze kidogo. Akamwani ni kahawa inayotafunwa: buni huchumwa ikiwa bado mbichi, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha huanikwa mpaka ikauke. Mgeni akifika nyumbani huletewa ndani ya kikapu kidogo cha kusuka, naye huchukua punje chache na kuzitafuna. Ni makaribisho, kama chai ilivyo. Lakini waliokoseana wakitafuna kutoka kikapu kimoja mbele ya mzee, jambo lao limefungwa, na anayelifungua tena hajipatii sifa nzuri. Zamani watu walikuwa wakifanywa ndugu kwa punje mbili za buni moja. Siku hizi hata sisi wa mjini, Waislamu kwa Wakristo, tunatafuna tukiongea mambo mengine, lakini hakuna asiyejua maana yake.

"Na safari, mzee?"

"Safari iko palepale. Tena mama mwenyewe ndiye aliyesema mtoto atangulie kama ilivyopangwa, isije ikaonekana ana kinyongo."

Nilikaa chini kwenye kizingiti cha mlango nikiwa bado na simu sikioni. Mwenyekiti aliendelea kuongea, kitu kuhusu jezi. Nilichosikia mimi ni kwamba mtoto alikuwa amegeuzwa alama ya kuonyesha kwamba wakubwa wamepatana.

Nilimkuta mama yake sokoni, mahali pake pa kila siku, kati ya mikungu ya ndizi. Alikuwa mzaliwa wa Izimbya, mume wake alifariki mtoto akiwa mdogo, naye alinunua ndizi vijijini na kuziuza mjini. Alikuwa ananijua kwa salamu tu.

"Mama, nimekuja kuhusu safari ya Ijumaa."

"Tumeshayamaliza, dada." Alikuwa anamkatia mteja kichane. "Kijana ameomba radhi kwa heshima. Tumetafuna."

"Waliyokuambia si yote."

"Hata kama. Nikimkatalia mtoto asiende naye sasa, nitakuwa nilitafuna nini?"

Nilisubiri mteja aondoke, nikamweleza kuhusu kubakizwa baada ya mazoezi na kuhusu pikipiki ya jioni. Aliendelea kupanga vichane. Nilipofika kwenye swali ambalo mtoto aliniuliza, mikono yake ikasimama.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

"Lini?"

"Jumatatu."

"Ukaenda kwa mwenyekiti."

"Ndiyo, mama."

"Mimi niko hapa kila siku, jua likiwaka na mvua ikinyesha. Kutoka uwanjani mpaka kwa mwenyekiti, na kutoka uwanjani mpaka hapa, wapi ni mbali?"

Nilikuwa na majibu, kwa kawaida huwa nayo. Nilitaka kumwambia kuhusu utaratibu wa klabu, kwamba mwenyekiti ndiye mkubwa wangu. Nilifungua mdomo nikaona jinsi yatakavyosikika kati ya mikungu ile, nikaufunga.

"Niache nifanye kazi," alisema. "Nimeshasema ndiyo mbele ya watu."

Alhamisi asubuhi nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Nilikuwa nimepita mbele ya mlango ule mara nyingi bila kujua ndani wanafanya nini; nilidhani wanashughulika na ndoa zilizovunjika. Afisa alikuwa mwanamke aliyenizidi umri kidogo, amefunga kitambaa kichwani, anakunywa uji kwenye kikombe cha plastiki. Akanionyesha kiti.

Nilianza kwa kuomba radhi. Nikamwambia sina uhakika, sina ushahidi, huenda nimekosea, ila leo jioni mazoezini nitamchukua mtoto pembeni nimuulize vizuri kisha nirudi na habari kamili. Maswali nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri: wapi, saa ngapi, nani alikuwepo, alikwambia nini, alikufanya nini.

"Usimuulize hata moja," alisema.

"Nitajuaje sasa?"

"Wewe si wa kujua. Ukimuuliza wewe leo, kesho akaulizwa na polisi, keshokutwa na mimi, ataona hakuna anayemwamini. Au ataanza kujibu anachodhani tunataka kukisikia. Akikusimulia mwenyewe, msikilize, usimkatize, usimuahidi kwamba hutamwambia mtu." Akasogeza uji pembeni. "Niambie ulichokiona. Ulichokifikiria kiache kwanza."

Nikamwambia. Simu. Kwamba mama asijue. Kubakizwa uwanjani peke yake. Pikipiki jioni. Ukimya golini. Swali. Kulala Kishanda usiku mmoja kabla ya wengine, baada ya mimi kuomba kwenda na kukataliwa. Kichwani mwangu vitu hivyo nilikuwa nimevipima kimoja kimoja, na kila kimoja nikakiona chepesi. Nilipovitaja vyote mfululizo kwa mtu mwingine, niliona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nimevitafutia visingizio.

"Huna ushahidi," alisema, "lakini una sababu ya kutoa taarifa. Ni vitu viwili tofauti. Ushahidi watautafuta wenye kazi hiyo. Anaondoka lini?"

"Kesho asubuhi."

Alinyanyua simu. Alizungumza na askari wa kike wa dawati la jinsia na watoto, kwa maneno machache, bila kulitaja jina la mtoto kwa sauti kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. Kisha akaniuliza mama huwa anarudi nyumbani saa ngapi.

Tulikwenda Hamugembe mchana, kila mmoja na bodaboda yake, mvua ikiwa imeanza. Nyumba ilikuwa nyuma ya migomba, na maji yalitiririka kwenye majani na kumwagika mbele ya mlango. Mama alitukaribisha. Alipomsikia afisa akijitambulisha, alinitazama mara moja tu, halafu hakunitazama tena kwa muda mrefu.

Afisa alieleza taratibu, kwa Kiswahili, kisha kwa Kihaya. Hakumwita kocha mkosaji. Alisema kuna wasiwasi, na mtoto anahitaji kukaa na mtu aliyefundishwa kuzungumza na watoto, na mzazi akiwa karibu itakuwa vyema zaidi. Pia alisema, kwa upole lakini bila kuzungukazunguka, kwamba safari ya kesho haiwezekani.

"Waitu, jamani, nimeshatafuna," mama alisema.

"Nimesikia."

"Hujasikia. Kwetu Izimbya kulikuwa na mtu aliyetafuna na jirani yake juu ya mpaka, kisha akampeleka baraza la kata. Alipofiwa, tulikwenda kuzika, tukarudi nyumbani siku ileile. Hakuna aliyelala matangani kwake. Nimeishi hapa mjini kwa watu. Nikiugua, nani ataniletea maji?"

Nilikuwa na hotuba nzima juu ya hilo. Kwamba mila imetengenezwa na watu, tena mara nyingi na wanaume wenye viti, na kwamba punje za kahawa haziwezi kumfunga mtu kuliko sheria. Nilivuta pumzi nianze, na afisa akanikanyaga mguu chini ya meza. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu.

Mama akamwita mtoto. Alitoka jikoni akiwa amevaa sketi ya shule na glavu za golini, sijui kwa nini alizivaa ndani ya nyumba.

"Kesho unataka kwenda?" mama alimuuliza.

"Umesema niende."

"Mimi nakuuliza wewe, unataka?"

Mtoto alitazama sakafu. Alianza kuvuta uzi uliotoka kwenye glavu ya kushoto. Akavuta, akavuta, uzi ukawa mrefu.

"Nisipokwenda atakasirika," alisema mwishowe. "Akikasirika nitamwambia nini?"

Mama alikaa akimtazama, na nikaona uso wake ukibadilika polepole. Hakulia. Alisimama, akafungua kitenge chake kiunoni, akakifunga upya, kwa nguvu kuliko kilivyokuwa.

"Niliyetafuna ni mimi," alisema, na sikujua kama anamwambia afisa au anajiambia mwenyewe. "Mtoto hakutafuna."

Halafu akasema twende.

Kituoni mimi niliachwa kwenye benchi nje. Askari, mwanamke aliyevaa nguo za kiraia, aliwaingiza mama na mtoto na afisa, akafunga mlango. Ilikuwa zamu yangu ya kutojua. Nilisikiliza kama mwizi anavyosikiliza, na kilichonifikia kilikuwa mvua tu, na mara moja kiti kikiburutwa. Nilijikuta naomba mambo mawili yasiyopatana: kwamba nimekosea, na kwamba sijakosea. Ikiwa nimekosea nimemchafua mtu. Ikiwa sijakosea, basi tangu Jumatatu niliposema "inategemea"… Sikuimaliza fikra hiyo. Nilihesabu vigae.

Walipotoka, mtoto alikuwa ameshika pindo la kitenge cha mama yake kama watoto wadogo wanavyofanya. Alikuwa amevua glavu. Askari alimwambia mama kwamba kocha ataitwa kesho. Kocha akitangulia kufika nyumbani, mama asibishane naye wala asimtaje mtu, aseme tu mtoto haendi, kisha apige simu.

Mama alisimama mbele yangu. "Kesho asubuhi njoo ukae na mimi," alisema. Hakuniita dada wala Matroni.

Kocha alitangulia kufika. Tulisikia pikipiki ikipanda kutoka barabarani tukiwa tunakunywa chai, na mama akaweka kikombe chini bila haraka. Mtoto alikuwa jikoni. Mama alimfungia mlango kwa nje, akaenda kusimama kizingitini. Mimi nilisimama nyuma ya bega lake.

Kocha alikuwa amevaa jaketi safi. Kwenye mkono wa pikipiki ilining'inia helmeti ya pili, ndogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimemfuata kipa."

"Haendi."

Alitabasamu. "Anaumwa?"

"Haumwi."

"Mama, mbona tena? Si tuliyamaliza juzi kwa mzee?"

"Haendi."

Alitazama juu ya bega la mama akaniona. Tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yaliondoka. "Aa. Msomi yupo."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya, kusimama pale nikiwa na maneno yote yale na kutosema hata moja.

"Timu nzima inamtegemea," kocha alisema, sasa kwa sauti ya juu kidogo, ya kusikika jikoni. "Mwambieni tu ajue, wenzake wakifungwa ni kwa sababu yake."

"Vijana wangu wana shule leo," mama alisema. "Naomba uondoke nimalize chai."

Hakuwa na vijana. Alikuwa na mtoto mmoja tu nyumbani. Nadhani alisema hivyo ili nyumba ionekane imejaa watu. Kocha alikaa juu ya pikipiki, akaivaa helmeti yake, akaivua, akaivaa tena. Halafu akaiwasha. Tuliisikiliza ikishuka mpaka ilipochanganyika na nyingine barabarani.

"Ameenda?" sauti iliuliza kutoka jikoni.

"Ameenda," mama alisema, na ndipo alipotafuta simu. Akanipa, nikampigia askari.

Kilichofuata sikijui chote. Kocha aliitwa siku ileile, na hakurudi uwanjani. Nilipomuuliza afisa, alisema liko kwenye taratibu na likinihusu nitaitwa. Niliitwa mara moja kutoa maelezo, nikasema nilichokiona, sikuulizwa ninachofikiria. Mtoto alisema nini nyuma ya mlango ule, sijaambiwa, na nimejifunza kutouliza, jambo ambalo mama yangu mzazi analihesabu kama muujiza.

Muleba hatukwenda. Jumamosi wasichana walikuja uwanjani na mabegi yao, wakaambiwa na mwenyekiti kwamba safari imevunjika. Hakuwaambia kwa nini. Mtaa uliwaambia. Wiki iliyofuata kijana wa gereji alinipigia kelele barabarani, "Matroni, umetuulia timu," na wanawake waliokuwa kisimani wakanyamaza mpaka nilipopita. Nilimwamkia mwenyekiti, akaitikia akiangalia mabomba yake. Kwa mama sokoni wateja wengine waliacha kusimama. Aliniambia hilo bila kulalamika, kama mtu anayetaja bei.

Siku moja baadaye mwenyekiti alituma mtu aniite dukani. Alisema wazazi wawili wameuliza kama mazoezi yatarudi. Alisema yakirudi, hakuna mtoto atakayebakizwa na mtu mzima mmoja, wala kupakiwa pikipiki, wala kupewa kitu ambacho mzazi wake hakijui. Aliyataja haya mbio mbio, akiangalia nje, kama mtu anayemeza dawa. Hakusema kwamba alikosea, nami sikumuuliza.

Nilikwenda kumweleza mama wa kipa. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya ndizi, mtoto akimsaidia kwenye mkeka. Mtoto aliniamkia kwa sauti ya kuamkia wageni. Aliendelea kumenya, maganda yakianguka kwenye jani.

"Ni wewe uliyesema?" mtoto aliniuliza.

"Ni mimi."

"Mbona hukuniuliza kwanza?"

Nilifikiria kumwambia jinsi afisa alivyonikataza. Lakini hiyo ilikuwa Alhamisi, na yeye alikuwa anauliza kuhusu siku zote zilizotangulia.

"Niliogopa utasema hapana."

Alilifikiria hilo akiwa ameshika ndizi mkononi.

"Ningesema hapana," alisema. Akaitupa ndizi ndani ya sufuria ya maji. "Mazoezi lini?"

"Jumamosi. Ila lazima awepo mzazi, kila mara. Wanapeana zamu."

Alimgeukia mama yake. Mama hakuinua kichwa, alikuwa anatoa utomvu kwenye kisu kwa ganda.

"Jumamosi ni siku ya soko," mama alisema. Tukasubiri. Alichukua ndizi nyingine. "Nitafunga mapema."